Wasomaji wanauliza: Napiga gita vizuri, mbona bendi hazinitaki?

Jambo sana, Papa. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi komini (sehemu ya mji) ya Katuba, hapa Lubumbashi. Gita nilifundishwa na babu mzaa mama tangu niko shule ya msingi. Babu ni mtu wa zamani za Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, yule mpiga gita maarufu wa Katanga: anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, na gita lake moja linachezesha parsele (uwanja wa nyumba) nzima. Mtindo wake wote nimeushika. Nyumbani wananisifu, na kwenye matanga wananiita. Lakini nikienda kwenye bendi inakuwa shida. Ya kwanza, Kamalondo, walinisikiliza nyimbo mbili wakaniambia nirudi wiki ijayo. Niliporudi nikakuta wamemchukua mwingine. Ya pili, kule komini ya Kenya, hapa hapa mjini, shefu, yaani kiongozi wa bendi, aliniambia mbele ya wenzake, "Wewe unapiga sana." Sikuelewa. Kupiga sana ni kosa? Nifanye nini nipate bendi? Niache mambo ya babu nijifunze solo za Kinshasa?

Kijana wa Katuba

Jibu

Mwanangu, ya babu usiyaache. Nalitanguliza hilo kwa sababu naona barua yako inaelekea huko, na ingeniuma sana kusikia kijana wa Katuba ametupa mkono wa Mwenda ili apige vipande alivyonakili kwenye simu. Ulicho nacho wewe, vijana wengi waliokutangulia kwenye bendi hawana, na wazee waliokuwa wanakifundisha wanatutoka mmoja mmoja.

Shefu wa Kenya naye usimchukie. Alikwambia kweli, ila alikupa ikiwa imefungwa. Ngoja tuifungue.

Gita la babu yako ni gita la mtu aliye peke yake. Ndivyo lilivyokulia huku kwetu Katanga. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipomrekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952, nyuma yake hapakuwa na mpiga besi wala mpiga drams. Palikuwa na mtu na gita kavu, lisilo la umeme. Kwa hiyo ilibidi mkono mmoja wa kulia ubebe kazi za watu watatu: gumba linashika besi kwenye nyuzi nene, shahada inachomoa wimbo kwenye nyuzi nyembamba, na katikati yao akordi inajijaza yenyewe. Masengo Edouard na Losta Abelo ni wa shule hiyo hiyo. Ni shule iliyotoka hapa ikafika mbali. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani. Huo ndio mkono uliorithi.

Sasa mwingize mtu huyo kwenye bendi ya rumba. Besi ina mwenyewe. Solo ina mwenyewe. Kuna mi-solo, kuna akompa, yaani gita la rithimu, kuna drams, pengine na kinanda, na mbele wamesimama waimbaji watatu. Gumba lako likigusa uzi wa sita, umemkanyaga mpiga besi. Shahada ikipanda kuchomoa ule wimbo mtamu, umemwingilia mwimbaji kabla hajamaliza maneno yake. Hujakosea sauti hata moja, lakini kila aliye jukwaani anahisi kuna mgeni ameketi kwenye kiti chake. Hiyo ndiyo "unapiga sana" aliyokwambia.

Kabla ya kuuliza bendi gani itakuchukua, basi, uliza kwanza pengo liko wapi. Mimi nimekaa kwenye kiti cha akompa Kamalondo miaka mingi, na leo ndiye ninayewasikiliza vijana wanaokuja kujaribiwa, kwa hiyo nakwambia ninachokiona: pengo karibu kila mara liko kwa akompa. Kila anayenunua gita mji huu anataka solo. Anataka ile sebene, sehemu ya wimbo ambapo magita yanatawala na watu wanacheza, watu wanapoinuka vitini na akina mama wanakuja kumbandika noti kwenye paji la uso. Wapiga solo tunao hadi wa kugawa. Lakini mwulize shefu yeyote ni nani anayemkosesha usingizi, atakutajia akompa: aliyekuwepo ameondoka kwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodini, na aliyebaki anakimbiza mwendo kila sebene ikianza.

Watu wanadhani akompa ni kiti cha asiyejua. Docteur Nico, ambaye wapiga solo wa Kongo nzima wanaapa kwa jina lake hadi leo, alipiga katika bendi ya African Jazz akiwa pembeni ya kaka yake, Dechaud Mwamba, na kazi ya Dechaud ilikuwa hiyo akompa. Msikilize Nico akipanda juu kabisa ya shingo ya gita, halafu shusha sikio lako uangalie kilichoko chini yake. Kuna mtu hatikisiki. Nico anaweza kuchelewa, akawahi, akanyamaza, akarudi kwa upande mwingine, kwa sababu kaka yake yuko pale pale alipomwacha. Na Lutumba Simaro, mtunzi ambaye Wakongo walimpa jina la Mshairi, alikuwa mpiga akompa wa OK Jazz, bendi ya Franco. Franco akiwa hayupo, Simaro ndiye aliyeshika usukani wa kundi. Kiti ninachokuonyesha ni hicho.

Jifunze hivi. Chagua rumba ya polepole, ya akordi tatu. Sebene nyingi zinazunguka njia moja: kama toni ni sol, unapiga sol, do, re, halafu do tena, kisha unarudi sol. Mzunguko huo unaujua tayari kwa babu. Sasa lifunge gumba lako. Shika mediatori, ile plastiki ya kupigia, ili gumba lipate kazi nyingine na lisiende kwenye besi. Uzi wa sita na wa tano uwe mwiko. Piga nyuzi nne nyembamba, au tatu ukiweza.

Kisha tazama mkono wa kushoto, maana huo ndio unaomtofautisha akompa na mtu anayekwaruza gita. Baada ya kila pigo vidole vinalegea kidogo. Havibanduki kwenye nyuzi, vinapunguza uzito tu, na akordi inakatika. Ukilegeza mapema mno, sauti inakauka kabla haijafika sikioni. Ukichelewa, inamwagikia kwenye pigo linalofuata na kumfunika mwimbaji. Katikati ya hapo kuna urefu mmoja wa sauti ambao mpiga drams akiusikia anainua kichwa kukutazama. Utafute huo. Piga mzunguko wako huo wa akordi bila kubadilisha kitu hadi wimbo uishe, kisha uanze tena. Vidole vitakuwasha vikitaka kupamba, usipambe. Jirekodi kwa simu, halafu linganisha mwendo wa mwanzo na wa mwisho. Vijana wengi wakijisikia kwa mara ya kwanza wanashangaa jinsi walivyokimbia.

Ukishalimudu hilo, mkono wa babu utaanza kukulipa kwenye mi-solo, gita linalokaa kati ya akompa na solo, linalovunjavunja akordi kuwa sauti moja moja kwenye sehemu ya juu ya shingo na kuzirudia bila kuchoka. Aliyezoea kuchomoa kwa shahada tangu utoto hapo yuko nyumbani. Wazee wa rumba walikuwa na ufundi wa mi-composé kwa kazi kama hiyo: uzi wa nne, ule wa re, unatolewa, na mahali pake unafungwa uzi mwembamba unaokazwa hadi re ya oktevi ya juu. Gita linang'aa na halisogei kwenye eneo la besi. Jaribu kwenye gita kuukuu kwanza, na ukaze polepole, maana uzi mwembamba ukikatika karibu na uso si mchezo.

Sasa kuitafuta bendi yenyewe. Ulikosea mlango, kwa maana ulikwenda kama mtu anayekwenda kwenye mtihani: umebeba gita, umeomba kusikilizwa, ukapiga kilicho bora kwako. Shefu akamsikia mtu mmoja anayejitosheleza. Safari hii nenda mikono mitupu. Bendi zetu nyingi hazifanyi mazoezi mafichoni. Pita Kamalondo au Kenya mchana wa katikati ya wiki, saa ambazo baa bado hazina wateja. Besi inavuka kuta za parsele, fuata hiyo. Ingia, salimu wakubwa kwanza, omba ruhusa ya kukaa, kaa karibu na mpiga besi. Sikiliza. Rudi siku nyingine ya mazoezi, na nyingine. Kebo ikihitaji kukunjwa, kunja. Bafle (spika kubwa) likihitaji kusogezwa, shika upande mmoja.

Na ukiwa pale, jifunze nyimbo zao wenyewe. Hili nalisisitiza kuliko yote. Nyimbo za Franco kila mtu anakuja anazijua. Lakini kila bendi ndogo ina nyimbo zake saba, kumi, ilizotunga yenyewe na kuzipenda, na hakuna mgeni anayezijua. Nenda nazo nyumbani kichwani, zitafutie akordi, jua sebene inaingia wapi na inatangulizwa na nini, mpigo gani wa drams, neno gani la mwimbaji. Siku ukipata nafasi ya kusema, mwambie shefu hivi: "Papa, naomba kujifunza akompa ya nyimbo zenu. Siku mtakayomkosa mtu, mimi niko." Usiongeze neno.

Kuna kijana wa Kampemba aliyeingia kwetu kwa njia hiyo. Alikuwa anakuja, anakaa, hasemi. Tulimzoea kiasi kwamba mtu akitoka nje anamwachia simu yake amshikie. Kisha siku ya harusi moja mpiga akompa wetu akapata msiba Likasi, akaondoka alfajiri. Tukabaki tunatazamana. Mpiga besi akasema, huyu dogo anazijua. Hatukuwa na la kufanya, tukampa gita. Alipiga usiku ule mzima bila pambo hata moja. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mpiga drams tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Tukiwa tunapakia vyombo, mpiga drams wetu, mtu asiyesifu watu, akauliza, "Huyu anakaa mtaa gani? Tumpitie Jumamosi." Hadi leo yuko kwetu, na yule wa Likasi aliporudi alihamia mi-solo.

Siku yako ya kujaribiwa ikifika, kaza nyuzi zako kwa kinanda chao, usikaze kwa sikio lako. Uliza toni. Uliza wanataka upige sehemu gani. Sauti ya ampli waachie wao waipandishe. Ukipotea katikati ya wimbo, nyamaza, sikiliza besi, ingia tena panapoanza mzunguko. Mtu anayenyamaza vizuri anasameheka, anayebahatisha kwa sauti kubwa hasameheki. Wakikuuliza bendi ulizopita, usimseme mtu vibaya. Wanamuziki wa Lubumbashi wanajuana wote, na maneno yako yatafika Kamalondo kabla ya wewe kufika Katuba.

Wakati unasubiri, ingia kwenye kundi la kanisa lenu. Najua vijana wengine wanaona ni kurudi nyuma. Mimi sioni hivyo. Mle utapata besi hai na drams hai kila wiki, utalazimika kubadili toni mwimbaji akianza juu kuliko mlivyopanga, na utajifunza kupiga huku watu wanaimba kwa mwendo wao. Na waumini wanaoa. Wakioa wanatafuta bendi, na bendi ikija inakukuta hapo.

Kuhusu babu: mpeleke siku moja kwenye mazoezi akuone kwenye kiti chako kipya. Halafu mtindo wake utunze ukiwa mkali, upige kila siku nyumbani. Itatokea, katikati ya harusi, umeme umekatika na jenereta imekataa kuwaka, na wenzako wote wenye gita za umeme wameshika mbao zisizo na sauti. Hapo omba gita kavu, sogea mbele, na ulifungue gumba lako.

* * *

Papa, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni msichana wa miaka 19, naishi Ruashi. Napiga gita katika kwaya ya parokia yetu. Juzi tulipiga kwenye harusi, na shefu wa bendi moja akanifuata akaniambia wananitaka. Nilifurahi hadi usingizi ukanipaa. Ila alisema nisihangaike sana na mazoezi, wao wataniweka mbele watu wanione. Baba naye amesema bendi ni baa, na baa si mahali pa binti yake. Nampenda baba na nalipenda gita. Niende au nisiende?

Binti wa Ruashi

Jibu

Binti yangu, kwa bendi hiyo usiende.

Sikwambii hivyo kwa sababu wewe ni msichana. Nakwambia kwa sababu shefu anayemsamehe mpiga gita mazoezi hana kazi ya kumpa gita hilo. Anachotaka kuweka mbele si sauti yako. Mpiga gita asiyehudhuria mazoezi hatajua sebene inaingia wapi, kwa hiyo watamshusha sauti kwenye ampli, watamwambia acheke na atikise mabega. Nimewaona wasichana wenye mikono mizuri wakifanyiwa hivyo, na baada ya muda mikono ile ikapoa. Ukitaka kuwa na hakika, mwulize swali moja: "Nitapiga sehemu gani, katika nyimbo zipi?" Akikutajia nyimbo na akakuita mazoezini, nitafuta maneno yangu. Akicheka au akazunguka, umemjua.

Sasa baba. Baba yako halichukii gita, maana anakuacha ulipige parokiani na pengine anakaa viti vya mbele kukusikiliza. Anaogopa usiku, pombe, na watu asiowajua. Hofu hiyo ina msingi. Nimepiga kwenye baa miaka mingi na ninayajua yanayofuata saa nane za usiku. Kwa hiyo usibishane naye kuhusu muziki. Zungumza naye kuhusu usiku. Kuna bendi zinazopiga harusi za mchana na hafla za familia. Kuna maonyesho ya jioni za mapema katika Halle de l'Étoile, pale Institut français, ambapo watu wanakaa vitini wanasikiliza. Bendi itakayokutaka kwa kweli itakubali baba aje kwenye mazoezi kabla hujajiunga, akae, aone nani ni nani, ajue nyumba ya shefu na mke wa shefu. Na kabla ya onyesho lolote itajulikana nani anakurudisha Ruashi na kwa gari lipi. Usikubali ile ya "tutaona". Mimi binafsi, baba wa msichana aliyetaka kuja kwetu alipofika akauliza maswali hayo, tulimpa kiti na tukamjibu yote. Hakuna heshima iliyotupungukia.

Akikwambia muziki huu ni wa wahuni, mwambie kwa upole kwamba rumba ya Kongo iliandikwa UNESCO mwezi Desemba 2021 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na kwamba Kinshasa na Brazzaville ziliomba pamoja. Haitamaliza mjadala, lakini itamfanya ausikilize upya.

Na kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi kwako. Katika hiyo kwaya yenu, nani anapiga besi? Nani anapiga drams? Kama wako wawili mnaoelewana, tafuteni saa moja baada ya mazoezi ya kwaya, muombe padri au msimamizi wa vyombo ruhusa, mjenge nyimbo nne za kwenu. Nne zilizokomaa zinatosha kuanzia: mnaweza kupiga wageni wanapoingia harusini wakati bendi kubwa bado inafunga kebo, na watu watauliza nyie ni akina nani. Bendi nyingi za mji huu zilianza na watu watatu na vyombo vya kuazima. Hapo hutakuwa unatafuta shefu wa kukupokea, maana shefu utakuwa wewe, na baba atakuwa anajua kila unayepiga naye tangu alipobatizwa.

* * *

Papa, mimi ni wa Kipushi. Nina gita kavu tu, la umeme sina. Bendi moja ya Lubumbashi imekubali kunichukua, lakini wanasema kwanza nilipe pesa ya kuingia, na nije na ampli yangu. Nikope?

Msomaji wa Kipushi

Jibu

Usikope, ndugu yangu.

Kwetu bendi ina mwenye vyombo. Yeye ndiye mwenye gita za umeme, ampli, bafle na drams, na kwa sababu hiyo yeye ndiye anayechukua fungu kubwa la pesa ya onyesho kabla wanamuziki hawajagawana. Hilo tumelizoea na lina haki yake, maana bafle likiungua ni hasara yake. Lakini kama vyombo unaleta wewe, basi fungu la vyombo nalo ni lako. Anayetaka ulete ampli na bado akate fungu la mwenye vyombo anakula mara mbili. Na pesa ya kuingia siijui maana yake. Mwanamuziki analeta mkono wake. Huo ndio mchango. Kama ni akiba ya kundi, ile ya kusaidiana kwenye msiba na ugonjwa, hiyo inakatwa kidogo kidogo kwa wote baada ya maonyesho, mbele ya wote, na inaandikwa daftarini. Hailipwi mlangoni na mgeni.

Cha kununua ni kidogo: seti ya nyuzi za akiba za gita la umeme, kebo yako mwenyewe iliyo nzima, na mediatori kadhaa, maana zinapotea. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Jasho ndilo linaloziozesha, hasa msimu wa mvua. Gita lako kavu linatosha kabisa kwa mazoezi ya nyumbani, na nyuzi zake ngumu zitakupa vidole ambavyo kwenye gita la umeme vitajiona vimepumzishwa. Ila kabla ya onyesho la kwanza omba siku moja au mbili za kushika gita la bendi, kwa sababu nyuzi zake ni laini na ukizikandamiza kama zako utazivuta zitoke kwenye sauti.

Halafu kuna nauli. Kutoka Kipushi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 30, na maonyesho yanaisha saa ambazo teksi-basi zimelala. Mwulize shefu leo, kabla hujapiga sauti moja: nauli ya kuja mazoezini ni ya nani, na usiku wa onyesho nalala wapi? Shefu aliyewahi kuwa na mwanamuziki wa mbali atakuwa na jibu tayari. Ukipata jibu hilo, na wakaiondoa ile pesa ya kuingia, niandikie tena uniambie wamekupa sehemu gani. Kama ni akompa, soma niliyomwandikia kijana wa Katuba hapo juu, anza na mzunguko ule wa akordi.